Tarehe, Wenzi na Kilele: Sababu za Kushiriki Changamoto za Kupanda Milima

Mwaka 1891 Sir Hugh Munro, mwanachama wa klabu ya wapanda milima ya Uskoti, alichapisha orodha ya vilele vyote vya nchi yake vyenye kimo cha futi 3,000 na kuendelea, yaani zaidi ya mita 914. Watu walidhani vilele vya namna hiyo ni vichache mno. Munro alihesabu 283. Hakutangaza zawadi, hakuweka muda, hakumwita mtu yeyote kwenye mashindano. Miaka kumi baadaye, mwaka 1901, mchungaji A. E. Robertson akahesabiwa kuwa wa kwanza kuvimaliza. Munro mwenyewe alifariki mwaka 1919 akiwa hajakamilisha orodha yake. Leo, baada ya vipimo kurekebishwa mara kadhaa, orodha hiyo ina vilele 282, na watu waliojiandikisha kuwa wamevipanda vyote ni zaidi ya 7,000.

Milima ya Uskoti haikuongezeka wala kupungua kwa sababu ya karatasi ile. Waliobadilika ni watu. Mtu aliyezoea kupanda kilima kimoja kilichopo jirani na kwao alianza kuulizia mabonde ambayo hakuwahi kuyasikia, akapanda treni kwenda kaskazini, akalala kwenye vibanda vya wachungaji, kisa kuna kilele ambacho hajakiwekea alama. Mada hii, iliyoandaliwa kwa ajili ya walimu wa michezo, viongozi wa vikundi vya wapanda milima na waongoza wageni, inasimama juu ya jambo hilo: nia peke yake haimtoi mtu nyumbani. Kinachomtoa ni kitu chenye mpaka unaoonekana, iwe ni orodha, tarehe, umbali, au ahadi aliyoitoa mbele za watu.

Afrika Mashariki haina uhaba wa milima. Kilimanjaro ina mita 5,895, Mlima Kenya 5,199, na kilele cha Margherita katika Rwenzori 5,109. Wasiotaka kwenda juu sana wana Longonot na vilima vya Ngong karibu na Nairobi, Kilimambogo upande wa Thika, na Uluguru iliyoinamia mji wa Morogoro. Hata hivyo wapo watu waliozaliwa na kuzeekea Moshi, wanaokiona kilele cha Kibo, Kilimanjaro, kila asubuhi mawingu yanapofunguka, ambao hawajavuka lango la Marangu isipokuwa wakiwa na mzigo wa mtu mwingine kichwani. Ukiwauliza, wengi watasema iko siku watapanda. Shida ni kwamba "iko siku" haimo kwenye kalenda.

Safari mbili za mlimani zinazokumbukwa zaidi katika historia ya Tanzania na Kenya zilikuwa na tarehe isiyoweza kusogezwa hata kwa saa moja. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alikuwa Kilimanjaro na bendera mpya ya Tanganyika pamoja na Mwenge. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya juu ya Mlima Kenya. Hawakuwa na nafasi ya kusema hali ya hewa ikitulia watakwenda wiki ijayo. Taifa zima lilikuwa likisubiri. Mpaka leo kila Desemba wapo Watanzania wanaopanda Kilimanjaro kuadhimisha Uhuru, na si ajabu kuwa wengi wao ni watu ambao bila siku hiyo wasingeanza.

Mfano mwingine umedumu zaidi ya miaka 20. Mwaka 2002 Mgodi wa Dhahabu wa Geita ulianzisha Kili Challenge, ambayo huendeshwa kwa ushirikiano na Tume ya Kudhibiti UKIMWI Tanzania, TACAIDS. Kundi moja hupanda mlima kwa miguu, jingine huuzunguka kwa baiskeli, na fedha zinazochangishwa huelekezwa kwenye mapambano dhidi ya VVU na UKIMWI. Ikumbukwe mwaka wenyewe. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo ulikuwa bado haujaanza, na ugonjwa ulikuwa ukizungumzwa kwa kunong'ona. Kupanda mlima hadharani kwa ajili ya UKIMWI kulikuwa na maana zaidi ya fedha. Wakubwa wa serikali na wa kampuni walisimama langoni kuwaaga wapandaji, wakalitamka jina la ugonjwa mbele ya kamera.

Kwa mshiriki mmoja mmoja, mchango unafanya kazi nyingine kabisa. Mfanyakazi wa ofisini akishawaomba wenzake fedha, hawezi tena kuamka Jumamosi akajiambia mvua imekuwa nyingi. Jirani atamuuliza mazoezi yamefikia wapi. Shemeji aliyetoa elfu kumi atataka picha. Ahadi iliyokuwa ya mtu mmoja imegawanywa kwa watu hamsini, na kila mmoja ameshika kipande chake.

Hapo ndipo faida ya kwanza ya changamoto inapopatikana, nayo hupatikana mbali na mlima. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kati ya dakika 150 na 300 kwa wiki. Ni watu wachache wa mijini wanaofikia kiwango hicho kwa kuambiwa tu. Lakini aliyejiandikisha kupanda mlima miezi mitatu ijayo huanza kupita ngazi badala ya lifti, hushuka daladala vituo viwili kabla, na mwisho wa wiki hutembea saa tano akiwa na begi lenye chupa za maji ili mabega yazoee uzito. Hujifunza mambo madogo ambayo hakuna daktari anayemfundisha mtu kliniki: kwamba mkanda wa begi unapaswa kubeba mzigo kiunoni, si mabegani; kwamba kucha za miguu zikatwe siku kadhaa kabla ya safari, la sivyo mteremko utaziumiza; kwamba mteremko ndio unaoumiza kuliko mwinuko, kwa kuwa misuli ya mapaja ndiyo inayofunga breki kwa kila hatua. Siku ya kupanda ikifika, mwili wake ni mwingine. Hata akiishia njiani, miezi ile mitatu hainyang'anywi na mtu.

Umri nao hautoshi kuwa sababu ya kubaki nyumbani. James Kagambi, Mkenya aliyetumia maisha yake kufundisha upandaji milima, alifika kilele cha Everest Mei 2022 akiwa na miaka 62, ndani ya timu ya wapandaji weusi pekee. Anne Lorimor wa Marekani alisimama kwenye kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, mwaka 2019 akiwa na miaka 89, huku akichangisha fedha kwa ajili ya watoto. Hawa si watu wa kawaida na haifai kumwambia kila bibi afuate nyayo zao. Ila wote wawili walikuwa na lengo lililotajwa kwa jina, na maandalizi ya muda mrefu nyuma yake.

Changamoto inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi na walimu ni ya vijana. Inaitwa Ten Tors, na hufanyika kila mwaka Dartmoor, nyanda za juu zenye matope na ukungu kusini-magharibi mwa Uingereza. Jeshi la nchi hiyo ndilo linaloisimamia tangu mwaka 1960. Vijana wapatao 2,400 wenye umri wa miaka 14 hadi 19, katika timu 400 za watu sita sita, hupita kwenye majabali kumi ndani ya siku mbili. Wadogo hutembea kilomita 56, wa kati 72, wakubwa 88. Huanza Jumamosi saa 1 asubuhi na wanatakiwa wawe wamemaliza Jumapili saa 11 jioni. Hema, chakula, jiko, nguo za mvua, vyote wanabeba wenyewe. Hakuna mtu mzima wa kuwaonyesha njia. Wana ramani na dira, basi.

Wala si mbio. Hakuna timu inayotangazwa ya kwanza, na medali hutolewa kwa aliyemaliza umbali wake. Kanuni hiyo inayoonekana ndogo hubadilisha kila kitu kinachotokea njiani. Kijana mwenye miguu mirefu hapati faida yoyote kwa kuwaacha wenzake, kwa hiyo anajikuta akichukua jiko kutoka kwenye begi la mwenzake mwenye malengelenge. Msichana aliyekuwa kimya darasani ndiye anayejua kusoma ramani, na ukungu ukishuka wote watano humgeukia yeye. Ugomvi huzuka, bila shaka, hasa saa ya kuamua kama wazunguke bonde au wakate katikati ya tope. Wanalazimika kuumaliza wenyewe, kwa sababu mwalimu yuko kilomita nyingi nyuma yao. Kwa vijana wenye ulemavu au mahitaji maalumu ipo njia yao, Jubilee Challenge, siku hizohizo na katika nyanda zilezile.

Ten Tors pia imelipa gharama, na mada isiyozungumzia gharama hiyo haitawasaidia walimu. Machi 2007 msichana wa miaka 14 alifariki baada ya kusombwa na kijito kilichofurika wakati wa mazoezi ya kujiandaa. Miezi miwili baadaye, hali ya hewa ilipochafuka wakati wa tukio lenyewe, waandaaji walilisitisha katikati na kuwaondoa vijana milimani. Kusitisha jambo lililoandaliwa mwaka mzima, wazazi wamekwishafika, ni uamuzi mgumu. Ulikuwa uamuzi sahihi, na mwandaaji yeyote anapaswa kuwa na uwezo wa kuufanya kabla hajaruhusiwa kuwaita watu mlimani.

Wapo pia wanaotaka saa iwahukumu, na haki yao isidharauliwe. Mwaka 1895 kinyozi wa mji wa Fort William, William Swan, alipanda Ben Nevis, mlima wa mita 1,345, akarudi mjini kwa saa 2 na dakika 41. Mbio za mlima huo zinaendelea mpaka leo. Mwaka 1932 Bob Graham, mwenye nyumba ya wageni mjini Keswick, alipita vilele 42 vya kaskazini mwa Uingereza ndani ya saa 24. Njia yake sasa ina klabu, na klabu ina sharti zuri sana: anayetaka kuandikwa lazima awe na mtu wa kumshuhudia kila kilele. Matokeo yake, nyuma ya kila jina moja lililoandikwa kuna marafiki kadhaa waliotembea usiku kucha wakimbebea chai na mikate bila kuandikwa popote. Wengi wao ni watu waliowahi kusindikizwa hivyohivyo.

Kilimanjaro ina saa yake pia. Simon Mtuy, mzaliwa wa kijiji cha Mbahe chini ya mlima huo, alipanda na kushuka mwaka 2006 kwa muda uliozidi kidogo saa 9, bila kusaidiwa na mtu. Kilian Jornet wa Hispania akafuata mwaka 2010 kwa saa 7 na dakika 14, naye Karl Egloff wa Ecuador mwaka 2014 akatumia saa 6 na dakika 42. Inapendeza kuona kwamba jina la mtoto wa mlimani limo kwenye orodha hiyo. Na katika mashindano ya dunia ya mbio za milimani yaliyofanyika Chiang Mai, Thailand, Novemba 2022, Patrick Kipngeno wa Kenya alishinda mbio za kupanda, na Rebecca Cheptegei wa Uganda akashinda zile za kupanda na kushuka. Cheptegei alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris miaka miwili baadaye, na Septemba 2024, wiki chache tu baada ya hapo, akauawa kikatili. Ushindi wake wa Chiang Mai unastahili kufundishwa shuleni. Kwa wasichana wa miteremko ya Mlima Elgon, mbio za milimani ni mlango wa riziki uliokwisha kufunguliwa, nao wanahitaji kujua ni nani aliyepita hapo.

Lakini saa na mwinuko mkubwa havipatani kwa mtu wa kawaida. Juu ya Kibo shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani, na mwili unahitaji siku, si ujasiri, ili kuzoea. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Njia ya Marangu inaruka karibu mita 1,000 kati ya kituo na kituo, kutoka Mandara hadi Horombo hadi Kibo, ndiyo maana waongozaji wenye busara humwomba mgeni alipie siku moja ya ziada pale Horombo. Martina Navratilova, bingwa wa tenisi wa dunia nzima, alikuwa akipanda Kilimanjaro Desemba 2010 kwa ajili ya hisani. Mapafu yake yalijaa maji akashushwa kabla ya kufika kileleni, akapelekwa hospitali, akapona. Mapafu ya bingwa hayana upendeleo. Kwa hiyo mada hii inapendekeza bila kusita kwamba mashindano ya muda yabaki kwenye vilima vya chini ya mita 3,000, isipokuwa kwa wanariadha wachache waliozoea miinuko. Juu ya hapo, changamoto iwe ni kufika pamoja na kurudi pamoja.

Anayetaka kujua maana ya kufika pamoja aangalie msafara ukitoka kituo cha Kibo saa 6 usiku. Mbele kuna mwinuko wa karibu mita 1,000 wa changarawe zinazoteleza, hadi Gilman's Point. Taa za kichwani zinapanda kwa mstari wa kona kona. Chupa za maji zimewekwa kichwa chini ndani ya begi, ili barafu ianze kuganda kwenye kitako na si mdomoni, la sivyo saa 10 usiku hakuna atakayekunywa. Mwongozaji wa mbele anapiga hatua fupi, kisigino cha mguu mmoja karibu kigusane na kidole cha mwingine, kwa sababu mwendo wake umepimwa kwa yule aliyechoka zaidi. Wa nyuma kabisa anasikiliza. Anasikiliza nani anakohoa, nani ameacha kuongea, nani anajibu swali jepesi kwa maneno yasiyoeleweka. Anayejibu hivyo hushushwa saa hiyohiyo, hata kama amechangisha mamilioni.

Jambo la hisani linahitaji ukweli wake. Machi 2009 wasanii na watangazaji wa Uingereza walipanda Kilimanjaro kwa ajili ya mfuko wa Comic Relief, wakachangisha zaidi ya pauni milioni 3. Si kila safari ya hisani iko hivyo. Nyingine hutumia sehemu kubwa ya michango kulipia tiketi na hoteli za mpandaji, na mchangiaji haambiwi. Mshiriki mwaminifu hulipia safari yake mwenyewe, kisha huomba mchango ukiwa kando. Na hisani ianzie kwa aliyebeba hema. Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha kilo 20 za mzigo wa mteja kwa mpagazi, na tangu mwaka 2003 Moshi kuna mradi unaofuatilia mishahara, chakula na malazi ya wapagazi. Kundi linalopanda kutafuta fedha za watoto yatima huku wapagazi wake wakilala na njaa halina cha kumwonyesha mtu.

Kwa shule na vikundi vinavyotaka kuanza, mlima mrefu si lazima. Walimu wa Morogoro wana Uluguru, wa Lushoto wana Usambara, wa Naivasha wana Longonot yenye njia inayozunguka ukingo wa kreta nzima. Tarehe ichaguliwe kati ya Julai na Septemba, masika yakiwa yamekwisha na njia zimekauka, na itangazwe miezi minne kabla ili mazoezi yawe na nafasi. Ruhusa iombwe mapema kwa wasimamizi wa hifadhi au msitu. Timu ziwe za watu sita, umbali utofautiane kwa umri, na kila anayemaliza kabla ya saa iliyopangwa apate cheti kilekile. Saa ya kugeuza iandikwe kwenye fomu: timu ambayo haijafika kituo cha kati ifikapo saa 7 mchana inarudi, bila mjadala. Fomu hiyo iwe pia na simu ya mzazi, ugonjwa alionao mshiriki kama upo, na jina la mtu wa nyuma ambaye hataruhusiwa kumpita mwenzake yeyote kutoka lango la kuanzia hadi lango la kumalizia. Timu isiyojaza jina hilo isianze.